Alama za Nyumbani kwa Mwalimu Mkuu

Nyumba ya mwalimu mkuu ilikuwa nyumba ya heshima, na hilo lisemwe kabla ya lolote. Watoto wake wawili walilelewa wakaleleka. Wa pili, wa kiume, alizaliwa kiziwi. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na mama hakutaka mwanawe akalale kwa watu. Wakamfundisha wenyewe, kwa alama walizozitunga mezani na uani. Chumvi ilikuwa kidole ulimini, baba, miwani. Hasira, harusi, msiba, kila kitu kilikuwa na alama yake.

Mama akaongeza somo moja la wageni: mtu akikusemesha usimwelewe, tabasamu, kisha itikia kwa kichwa taratibu. Asije mtu akatoka pale akatangaza kwamba kwa mwalimu mkuu kuna zuzu.

Akakua hivyo, akawa fundi wa kupiga vanishi katika karakana ya samani. Wenzake walimwita Msasa. Kabati likishapita mikononi mwake, ungeweza kujitazama humo ukafunga kilemba.

Kisha matambara ya vanishi yakashika moto, nusu ya stoo ikateketea, na mwenye karakana akasema ni uzembe wa Msasa, akamsimamisha kazi. Jikoni kwa dada yake, mikono ya Msasa ilipaa: mchomeleaji alikuwa akichomea geti kando ya matambara. Nilimvuta shati, aliashiria. Akanisukuma.

Dada mtu, mjane ambaye hakuwahi kuitwa barazani kwa lolote, alivaa gauni lake la kijivu wakaenda kwenye baraza la usuluhishi wa kazi.

"Nitamtafsiria mimi," alisema.

"Wewe ni nduguye, mama," mwenyekiti alijibu. "Sheria hairuhusu. Siku hizi lugha ya alama imetambuliwa rasmi, tunaletewa mkalimani mwenye cheti. Ungeshukuru."

Mkalimani, binti mwenye beji kifuani, alisimama akaanza kuashiria, vidole vyepesi, vizuri. Msasa alimtazama kama mtu anayemtazama mpishi hodari kupitia dirishani. Akatabasamu. Akaitikia kwa kichwa.

"Mzee, hanielewi huyu," binti alisema. "Hii lugha haijui."

"Alama si alama tu, dunia nzima?"

"Hapana, mzee. Karibu kila nchi ina yake, na nyingine zina zaidi ya moja. Zipo zilizoandikwa katika sheria na zipo ambazo hata hazijulikani. Yake ni ya kwao nyumbani."

"Ya watu wangapi?"

"Wawili," dada alisema. "Tulikuwa wanne."

Mwenye karakana alicheka puani. "Basi waipeleke bungeni!"

Mwenyekiti hakucheka, ila alitazama saa. "Siwezi kuendesha shauri kwa lugha ya watu wawili. Muulize tena, polepole. Moto ulitokana na uzembe wake, ndiyo au hapana?"

"Mzee, atakachojibu hakitakuwa jibu."

"Wewe muulize."

Dada aliinua mikono.

"Mikono chini, mama! Ukimwashiria tena utatoka nje."

Akaikalia. Alimkazia mdogo wake macho mpaka yakamwuma, lakini Msasa hakumtazama. Alimtazama mwenyekiti, kama alivyofunzwa kumtazama mgeni. Binti akauliza. Msasa akatoa lile tabasamu zuri la kwao, akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili.

"Amekubali," mwenyekiti alisema, kalamu ikaenda.

"Hiyo ni adabu!" Sauti ya dada ilipanda kuliko alivyowahi kuipandisha mbele za watu. "Ni adabu tu, baba! Ndivyo tulivyomfunza!"

"Nakuonea huruma, mama. Lakini kila mtu hapa amemwona. Karakana haina wajibu wa kumrudisha kazini."

Binti alivua beji yake, akaitia mfukoni bila kumtazama mtu.

Nje, Msasa alipitisha kiganja kwenye mlango wa baraza, akasikitika. Wamepaka rangi juu ya vumbi, aliashiria. Waambie kesho nikitoka kazini nitapita niupige msasa. Kisha akauliza: wamenielewa, sivyo? Yule binti ana mikono mizuri.

Dada alitafuta alama ya kufukuzwa kazi. Haikuwapo. Nyumbani kwa mwalimu mkuu hakuna aliyewahi kuihitaji. Mikono yake ikabaki hewani, na mdogo wake akasimama akiitazama, akingoja ianze kusema.