Reli ya Waingereza Chumbani kwa Shangazi

Biashara huria ilipotufikia Mtama, ilituletea mitumba ya kila namna: suruali, friji zisizogandisha, na mwisho kompyuta. Yetu ilitoka Dar es Salaam juu ya magunia ya chumvi, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuendesha treni za Uingereza. Mwenzangu, Mmakonde aliyesoma mpaka akaona aibu kushika jembe, aliapa kwamba watu watapanga foleni. Tukakodi chumba cha mbele kwa shangazi yangu, tukanunua jenereta, tukaisubiri foleni.

Haikuja. Aliyekuja ni mnunuzi wa korosho, mmoja wa hawa waliozuka serikali ilipoachia kila mtu anunue, akitaka chumba kile kiwe ghala lake. Shangazi hakupenda kututoa bila kutusikiliza. Akasema atakuja Ijumaa baada ya sala, aone tunachofanya mle ndani, kisha ataamua.

Basi ikawa lazima tumchagulie njia bora ya treni mle mchezoni. Kompyuta ile ilimudu njia moja tu kwa wakati mmoja, na kuibadilisha kulikula mchana mzima. Mwenzangu alishikilia Settle kwenda Carlisle, kwa sababu ya milima na madaraja ya mawe. Mimi nilitaka Exeter kwenda Plymouth, pale reli inapopita ukingoni mwa bahari. Kila mmoja aliitetea njia yake utadhani kazaliwa kando yake. Hatukuwa tumewahi kupanda treni, na masika safari ya Dar ilikuwa ni kulala njiani na kusukuma basi kwenye tope. Hilo halikutuzuia kuwakosoa Waingereza kona zao.

Nilishinda mimi. Nilisema shangazi ni mzaliwa wa Kiswere, bahari itamlainisha. Hoja ya kipumbavu. Aliyekulia kwenye harufu ya samaki hahongwi kwa picha ya maji. Tena tulisahau jambo ambalo Mtama nzima inalijua: treni alishaiona. Mkoloni alipotaka kulima karanga huku kusini alileta reli, ikapita papa hapa, na shangazi, wakati huo msichana, aliuza mihogo ya kuchemsha stesheni. Karanga zikamshinda mkoloni, reli ikaja kung'olewa.

Ijumaa akaja na khanga mpya, mkononi kikapu. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaketi na kufunua kikapu: mihogo, na korosho za kuchoma. Safari bila masurufu, alisema, ni ya mtu aliyefukuzwa kwao. Tukala, na vidole vya mwenzangu vikapaka mafuta kila kitufe.

Treni ikafika kituo cha kwanza. Watu walikuwa wamesimama na mikoba yao. Mwenzangu alipotaka kuiondoa, shangazi akamzuia: mtu haachwi stesheni na mzigo wake. Tukamweleza kwamba wale ni wa kuchorwa, hawapandi. Hakujali. Tukasubiri, jenereta ikinywa petroli, mpaka akaridhika kwamba wamegoma wenyewe. Kila kituo ikawa hivyo hivyo. Bahari yangu ilipita na hakuitazama, alikuwa anamenya korosho.

Tulipofika kituo cha mwisho akauliza mbele kuna nini. Hatukujua. Akaamuru twende. Tukaenda, nyumba zikaisha, miti ikaisha, kisha reli yenyewe ikakatika katikati ya majani na treni ikasimama, mbele hakuna kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo reli yao. Ndiyo maana wale hawakupanda."

Nilimbembeleza atuachie chumba walau mpaka msimu wa korosho uishe. Niliona uchungu kweli, maana sikuwa na kazi nyingine, na shamba nilishalisema vibaya mbele za watu. Akanisikiliza huku akikusanya maganda kikapuni.

"Mwanangu, yule wa korosho ana lori bovu. Linakwama Somanga, linakwama Rufiji. Lakini linafika."

Magunia yakaingia kesho yake. Kompyuta tulimuuzia mtu wa Dar, na usafiri uliopatikana ulikuwa lori lile lile. Nayo ilikwama Somanga. Ikafika.