Nilichosema Redioni Kuhusu Msoma Ramani Wangu

Ilinipasa kukataa. Kabla ya kipindi changu cha kwanza cha michezo, mkurugenzi wa redio alinitaka niwaambie wasikilizaji kwamba ajali iliyomaliza mbio zangu haikuwa kosa langu.

"Papa," aliniambia, "dereva aliyejiangusha mwenyewe, nani atamsikiliza akihukumu wengine?"

Nilikubali kabla hajamaliza chai yake.

Nilikuwa nimeendesha magari ya mashindano miaka kumi na mmoja, ng'ambo ya mpaka huko Bujumbura na katika vumbi la bonde la Ruzizi. Msoma ramani wangu alikuwa shemeji, mdogo wa mke wangu. Kabla ya mbio tulipita njia polepole, akiandika kila kona katika daftari. Siku yenyewe alinisomea kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, ili mwingine akitusikia asielewe.

Siku ya ajali, karibu na mashamba ya mpunga, alisoma: kushoto, mchanga, punguza. Akarudia. Watu walikuwa wamejaa kando ya njia wakinipigia makofi. Nikakanyaga gazi kuongeza mwendo. Gari likaingia mferejini. Mimi nilitoka na mikwaruzo. Yeye alivunjika goti.

Redioni nilisema alichelewa kusoma.

Kabla ya mchana, wamotari wa Kavimvira, wale wa pikipiki za abiria, walikuwa wamempa jina. "Kachelewa, panda, lakini kona utuambie leo, si kesho." Nasikia alicheka nao, akapanda.

Jioni alikuja kwangu mtaani Kimanga na fimbo yake. Nilimpa kiti, akakikataa.

"Shemeji, minye nilisoma mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi weye useme vile, palepale uliposemea. Iko timu moja ya Bujumbura inatafuta musomaji. Wanachagua juma lijalo. Redio yako wanaisikiliza."

"Nitasema."

Mke wangu alikuwa amesimama na sahani ya samaki wa ndagala mkononi. Alisikia.

Niliandika sentensi hiyo, kwamba alisoma mara mbili, kwenye karatasi. Kipindi kikaanza, nikaitazama, nikasoma matokeo ya mpira. Nikajiambia kesho. Kesho yake nikasoma ya kikapu. Timu ikachukua mtu mwingine. Ninapoandika haya nimeshainuka mara tatu, nimefika barabarani, nimerudi. Sina ninakokwenda.

Kila Jumapili, tukitoka misa, mke wangu aliniuliza, "Umesema?" Nilimjibu kwamba mkurugenzi hajaruhusu. Mkurugenzi sikuwahi kumwomba. Siku moja hakuuliza. Alifunga nguo zake katika kitenge, akaenda kuishi kwa mdogo wake.

Kipindi nilibaki nacho miaka tisa. Shemeji hakupata tena kiti katika gari la mashindano. Mke wangu aliugua na kufa huko kwao bila kurudi nyumbani kwangu, na siku ya mazishi ndugu zake waliniambia nisimame nyuma, pamoja na majirani.