Majani ya Kwenye Mifuko ya Samaki

Miguu ya mama yangu haimfikishi mbali, kwa hiyo punda ndiye aliyekuwa miguu yake. Kila Jumapili alimbeba kutoka nyumbani kwetu, kambi ya wakimbizi ya Mantapala, hadi kanisani. Siku nyingine nilimfunga mkokoteni, tukaleta samaki kutoka ufukweni Nchelenge.

Sisi wachuuzi tuliotoka Kongo tunajua kufunga samaki wakavu: unawashindilia kwenye mfuko wa plastiki, unakaza kamba, hewa isiingie wala mdudu. Mvua zilipokaribia kwisha nikaona nifanye vivyo hivyo na majani, punda apate cha kula kiangazi. Nikayakata yakiwa na umande, nikayashindilia katika mifuko ileile ya samaki, nikajisifu mtaa mzima.

Mfuko wa kwanza nilioufungua ulinuka uvundo. Nikampa punda hivyo hivyo, naye akala kwa sababu alikuwa na njaa. Baada ya siku mbili miguu ikaanza kumtetemeka, na majani yakamdondoka mdomoni yakiwa yametafunwa nusu. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikasema ni uvivu, nikachukua fimbo.

“Muachilie, papa,” mama akaniambia kutoka mlangoni, akiniita papa kama mama wa Kongo wanavyowaita wana wao. “Iko mugonjwa.”

Sikumwachilia. Nilimpiga mpaka akalala chini.

Kesho yake akaja daktari wa mifugo. Alimvuta ulimi pembeni mwa mdomo, nao ukabaki unaning'inia, haukurudi. Kope zilikuwa zimelegea. Daktari akanusa mfuko wangu, akatikisa kichwa. Ni botulizimu, akasema, sumu inayozaliwa kwenye uozo uliokosa hewa; huwalegeza punda na farasi misuli, mwishowe hata ya kupumua. Dawa ya kuizuia ipo, lakini huchomwa mapema, na yeye hakuwa nayo. Akaniachia maagizo: nisimnyweshe kwa chupa maana hawezi kumeza, nimgeuze ubavu, na zaidi ya yote nisimlazimishe kusimama, kwa kuwa kujikaza kunammaliza. Hapo nikaikumbuka fimbo. Majuto ni mjukuu.

Nilimgeuza siku mbili. Akili yake ilikuwa nzima, masikio yakinifuata kila nilipokwenda. Nilimwomba msamaha, mimi mtu mzima, nikilia. Akafa asubuhi.

Jumapili nikainama, mama akapanda mgongoni kwangu. Nusu ya njia magoti yakaanza kunitetemeka, nami nikazidi kujikaza.

“Pumuzika, papa,” akaninong'oneza sikioni. “Hapa hakuna mutu wa kukupiga.”