Sahihi Tatu za Mama Whitney

Ukitoka Gatina ukishuka Kabiro, hapa Nairobi, kabla hujafika kwenye lango la shule, utamwona mama mmoja mnene amefunga leso ya kijani, anakanda unga. Huyo ni Nasipwondi. Watoto humwita Mama Chapo. Ukikosa pesa ya ndengu atakumwagia mchuzi kidogo juu ya chapati bila kukununia. Ni mtu wa kucheka sana. Lakini kengele ya mapumziko ikilia na watoto wakianza kutoka, yeye huinamisha kichwa na kunyamaza. Kaeni niwaambie kwa nini.

Nasipwondi alipata mtoto mmoja tu, akamzika kwao Bungoma akiwa na miezi minane. Mwingine hakupata. Na nyinyi mnajua hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Ken, Mama Adhis. Yeye miaka yote ameitwa kwa jina la chakula. Hakulalamika. Aliitika tu na kugeuza chapati.

Sasa mwaka juzi, asubuhi moja, msichana wa gredi ya saba anayeitwa Whitney alimjia mbio.

"Mathe, niokolee!"

"Umefanya nini tena, we kichwa ngumu?"

"Mwalimu amesema nisiingie darasani bila mzazi. Na mum ameshatoka kutafuta nguo za kufua, hata sijui yuko mtaa gani. Ingia tu na mimi, dakika tano."

"Niingie kama nani?"

"Kama mum. Sema unaitwa Akeyo."

Nasipwondi alicheka mpaka unga ukamrukia usoni. "Mimi Mbukusu mzima, niitwe Akeyo? Na mwalimu akinisalimia kwa Kijaluo?"

"Mwalimu ni Mkisii, mathe. Atajulia wapi?"

Si jambo geni hili. Mtoto akiogopa kichapo cha nyumbani humtafuta mtu wa bodaboda au mama wa mboga, asimame mbele ya mwalimu kama baba yake au mama yake. Wengi hukubali kwa huruma, wakisema, kwani itaua nani? Nasipwondi naye akapangusa mikono, akaingia.

Mwalimu Jeconia alikuwa mgeni pale shuleni, kijana mpole. Alimvutia kiti, akasema, "Karibu, Mama Whitney."

Nasipwondi alikuja kuniambia kwamba mpaka hapo alikuwa anataka kutoka mbio, na aliposikia jina hilo akaketi.

Mwalimu akamweleza kwamba vitu vinapotea darasani. Kwanza rula, halafu kalamu, na sasa seti ya hesabu ya mtoto anayeitwa Hope. "Whitney si mtoto mbaya," alisema. "Ana mkono mwepesi tu, na bado ni mapema. Lakini tabia haijengwi na mtu mmoja, mama. Mimi nitamwangalia huku, wewe umwangalie huko. Kila jioni pekua mkoba wake. Ukipata kitu ambacho si chake, usimpige. Mwambie kesho akirudishe kwa mkono wake mwenyewe na aombe msamaha. Nimewaona watoto wakibadilika hivyo. Lakini nyumbani kusipofanywa hivyo, na huku itakuwa kazi bure."

"Nitafanya, mwalimu."

Akaonyeshwa kitabu cha wageni. Akaandika: Akeyo, mzazi wa Whitney. Akatia sahihi.

Hebu niambieni, angepekua vipi mkoba katika nyumba asiyoijua hata mlango? Nje ya lango alimshika Whitney sikio, akamgombeza. Whitney akaapa, "Haki ya Mungu, mathe, nimewacha." Basi, yakaishia hapo. Mwalimu alijaribu kumpigia mama nyumbani, lakini namba iliyokuwa shuleni ilikuwa ya laini iliyokufa zamani.

Muhula wa pili mtoto akaitiwa mzazi tena. Nasipwondi akaingia. Muhula wa tatu, tena. Kila mara Mwalimu Jeconia aliuliza, "Unapekua mkoba?" Naye akajibu, "Napekua."

Nilimuuliza kama hakujua anakosea. "Mara ya tatu nilijua," akasema. "Nilikuwa nimesikia watoto wakisema Whitney ameshikwa na kitu. Kesho yake nikavaa sketi yangu ya kanisani kabla hata hajakuja kuniomba."

Novemba, Whitney na wasichana wenzake walikwenda kuzurura Kibera, kwenye kile kijiji chake kiitwacho Lindi. Wakaingia katika duka la mama mmoja Mnubi anayeitwa Rania. Alipogeuka kuchukua sukari, Whitney akanyakua simu iliyokuwa mezani. Hakufika mbali. Rania mwenyewe alisema mtoto aachwe, simu imerudi, lakini vijana wa pale walikuwa wameshamkokota kituoni. Kutoka hapo, korti ya watoto.

Afisa wa watoto akaomba ripoti ya shule. Mwalimu Jeconia akaandika ukweli jinsi alivyoujua: mzazi ameitwa mara tatu, ameahidi mara tatu, na nyumbani hakuna kilichofanyika.

Ilipokuwa ikisomwa, mwanamke mwembamba akainuka. "Mimi ndiye Akeyo! Sijawahi kuitwa hata siku moja!"

Akaonyeshwa nakala ya kitabu cha wageni. Jina lake lilikuwa pale, mara tatu. Akamgeukia Whitney. Whitney aliangalia sakafu. Wakaambiwa uamuzi utatolewa Alhamisi.

Jumatano Akeyo akaenda shuleni kumtafuta mwalimu. Akaambiwa amepelekwa shule nyingine kusimamia mtihani. Alitoka amechoka, akaketi kwenye benchi la Mama Chapo. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe kwa sabuni.

"Dada," alisema, "wewe hukaa hapa kila siku. Hukuona mwanamke akiingia hapo na mtoto wangu Whitney? Anajiita Akeyo."

Nasipwondi aliikandamiza chapati kwenye kikaango mpaka ikaungua. "Hapana," akasema. "Watu hupita wengi."

Alhamisi korti ikasema nyumbani mtoto amewashinda. Akapelekwa shule ya kurekebisha tabia, mbali na Nairobi, miaka mitatu.

Ijumaa Nasipwondi hakuwasha jiko. Alimngoja Mwalimu Jeconia langoni, akamwambia yote. Mwalimu alikaa juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa. "Kwa hivyo niliyemwandika kwenye ile ripoti ni nani?" akauliza. Kisha wakaandamana mpaka Gatina, nyumbani kwa Akeyo.

Akeyo alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole ukutani, juu ya kitanda. "Mkoba wake hutundikwa kwa msumari ule. Kila jioni saa kumi na mbili mimi niko hapa. Ingekuwa kunyoosha mkono tu." Halafu akamgeukia Nasipwondi. "Na Jumatano nilikuuliza."

Mwalimu aliandika barua nyingine. Nasipwondi alikwenda kwa afisa wa watoto akaeleza alichofanya, na kutia sahihi kwa jina lake mwenyewe. Siku hizi Mwalimu Jeconia haamini kitabu cha wageni. Jumamosi utamwona Gatina na Kabiro akipiga hodi, akitaka kujua kila mtoto analala wapi na ni nani humfungulia mlango.

Agosti iliyofuata korti ikalitazama jambo upya, ikakubali mtoto arudi nyumbani. Akeyo alisafiri alfajiri kwenda kumchukua. Alibeba gauni jipya, akihofia la zamani litakuwa limembana. Kweli, Whitney alikuwa amerefuka. Walikaa kwenye benchi, mama akamfunulia gauni.

"Mum, wacha nikae," Whitney alisema. "Nimalizie huku."

"Wamekubali, mwanangu. Twende."

"Nikija Gatina, nitapita njia gani ambayo watu hawanijui kama mwizi?"

Akeyo alianza kuzitaja njia, moja moja. Ya sokoni. Ya nyuma ya kanisa. Ile ya kando ya bomba la maji. Whitney akawa anatikisa kichwa kwa kila njia, mpaka mama akaishiwa na njia za kutaja, akalikunja lile gauni upya, akamwekea mapajani, akainuka kurudi peke yake.