Nguruwe Aliyeitwa Pande Mbili

Mwaka 1952, nikiwa na miaka ishirini, ndipo taabu zangu zilipoanza. Mume wangu alikwenda Tanga kukata mkonge, ikarudi habari ya kifo chake tu. Ndugu zake kule Kifanya wakanichagulia mtu wa kunirithi, mzee wa wake wawili na kikohozi. Nikakataa. Nikajitwika mkeka na chungu nikashuka Makambako, kwenye njia ya malori. Jumbe akanipa kipande cha ardhi chenye mianzi.

"Ukijilisha, kaa," akasema. "Ukishindwa, nakurudisha kwa wenyewe."

Wenyewe ni wale wa Kifanya.

Mianzi ndiyo ilikuwa riziki yangu yote. Mvua zikianza, unakata ncha ya chipukizi, unafunga kikopo cha mwanzi, maji yake yanadondoka na kuchacha. Huo ndio ulanzi, na madereva wa malori waliupenda. Mchungaji alinisema kanisani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikarudi kwenye mianzi yangu, maana unga hakunipa yeye.

Mvua za mwaka ule akaja nguruwe. Jike jeusi, sikio limechanika, linazurura. Alikula chipukizi kama mtu anayekula muwa. Naamka na baridi ile, mgongo unauma, naenda kukinga ulanzi nakuta visiki. Namfukuza, nikigeuka amerudi. Nilichoka mpaka nikawa namfukuza nimekaa.

Ng'ambo ya mfereji walikuwa wamehamia Wakinga kutoka Makete, mama wa makamo na mumewe, wakalima viazi. Tulikuwa hatujazoeana. Lakini kila asubuhi nilimsikia yule mama akipaza sauti: "Njuu! Njuu-njuu!" Mimi ni Mbena, nimezaliwa Kichiwa, na nyumbani kwetu njuu-njuu ni kumwita nguruwe aje ale. Basi nikajua mwenye mnyama ni nani. Kumchoma mkuki niliogopa. Mwanamke peke yake, mgeni, ameua mnyama wa watu: baraza lingeninyang'anya ardhi siku hiyo hiyo.

Siku moja nikakuta zimebaki chipukizi chache za kuhesabu. Nikaenda mpaka kwenye mfereji.

"Mama, mfunge nguruwe wako!"

"Wangu?" Naye alikuwa na jembe mkononi na hasira usoni. "Wewe ndiye unayemwita kila siku, akishiba kwako anakuja kumalizia viazi vyangu!"

"Mimi namwita? Mimi namfukuza!"

"Kwa kumwambia haish-haish?"

"Ndiyo, haish!"

"Mwanangu, kwetu haish ni njoo ule."

Nikamwuliza, "Na hiyo njuu-njuu yako?"

"Namwambia atoke!"

Mumewe alikuwa juu ya paa anaezeka nyasi. Alicheka mpaka akaangusha kamba. "Mnyama wa watu ataondokaje? Huku karibu, kule karibu! Hata mimi ningehamia hapo!"

Sisi hatukucheka. Tulikaa chini kila mtu upande wake wa mfereji, tumechoka, tukamtazama mnyama anavyotafuna.

Jumbe alipopata habari akaja na watu wawili na kamba. Akasema mnyama asiye na mwenyewe ni wa baraza. Nilijua hilo baraza ni sufuria la nyumbani kwake. Yule mama akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Ana wenyewe. Ni wetu, mimi na huyu binti yangu."

"Tangu lini Mkinga na Mbena wakafuga pamoja?"

"Mwite wewe, baba, tuone kama anakujua."

Jumbe akaita, akapiga na miluzi. Nguruwe hakuinua hata kichwa. Yule mama akanikonyeza. Mimi nikasema njuu-njuu, yeye akasema haish-haish, kila mtu kwa wito wa kwao. Akaja mbio akasimama katikati yetu, anakoroma. Jumbe akakunja kamba yake akaondoka bila kuaga.

Ulanzi wa mwaka ule nilishaukosa. Lakini tulimjengea banda juu ya mfereji, akazaa, tukagawana watoto, na wangu niliwauza kwa mafundi wa barabara. Shemeji yangu alipokuja kunichukua alinikuta nina unga ndani na yule mama amekaa mlangoni. Mama akamwambia, "Huyu ana kwao hapa." Shemeji akanywa maji, akarudi Kifanya peke yake.

Shule nilisoma darasa la pili. Leo nina nyumba ya matofali yenye bati. Nina ekari sita za mahindi. Nina shamba la miti ya mbao. Nina ng'ombe wawili wa maziwa, mashine ya kusaga, na cherehani. Magoti ni mabovu. Hakuna mtu aliyenirithi.