Mlingoti wa Mzee Mwangwi

Zamani mtu aliyetaka kujua hali ya anga la juu alilirushia mawimbi ya redio akatega sikio lijibu, na siku hizi anakaa kwenye kiti cha kuzunguka akingoja kioo kimwambie.

Mzee Mwangwi alikuwa mtu wa zamani, na hakuomba radhi kwa hilo. Jina walimpa wapiga redio wa melini, waliokuwa wakimpigia simu kituoni kila jua likikaribia kuzama: "Mzee Mwangwi, leo tusemee masafa gani?" Alikuwa akiwajibu kwa mkato na kukata simu, nao walimheshimu kwa ukali uleule. Enzi hizo mtu hodari aliruhusiwa kuwa mkali. Leo hodari hayupo, imebaki tabasamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Huko juu sana jua huipiga hewa na kuzing'oa elektroni zake, zikatanda kama dari. Mashine ya kituo ilipandisha mawimbi kupitia nyaya za mlingoti, ikianza masafa ya chini na kuyaongeza kidogo kidogo. Wimbi likigonga dari lilirudi. Masafa yakizidi kiasi, lilipenya likaenda zake. Mwangwi wote ulichorwa kwenye karatasi, mstari uliojikunja kama mgongo wa paka mwenye hasira, na mwishoni mkia ukisimama wima. Mzee aliweka rula penye mkia, akasoma, akatuma namba. Mkia ukiwa mbali kulia, elektroni ni nyingi. Ukiwa karibu, ni chache.

Mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, alilelewa humo kituoni, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlingoti. Alijifunza kusoma karatasi zile kabla ya kujua kusonga nywele. "Mgongo usikushughulishe," mjomba alimwambia. "Paka huyu kichwa chake kiko mkiani." Binti akasoma, akapaa, akawa mkuu wa ofisi ya ramani mjini. Huko hawakurusha wimbi hata moja. Walipokea ishara za setilaiti, wakapima zilivyocheleweshwa njiani na elektroni, wakachanganya na modeli, yaani hesabu inayokisia anga lilivyo pale ambapo hapajapimwa. Ikatoka ramani ya rangi, nzima, haina hata kiraka. Mzee aliiona mara moja akasema inafanana na kanga ya mtu asiyejua kufua.

Asubuhi moja pikapu ya ofisi ikaingia uani. Alishuka mpwa, akashuka dereva, na nyuma yao mhandisi aliyekumbatia kompyuta kama mtoto mchanga. Mzee alikwisha kumbandika jina siku nyingi: Bwana Kioo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Na huyo, ulimi kaacha nyumbani?"

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Kioo, macho kwenye kompyuta.

"Umeiamkia hiyo kompyuta, nayo haijaitika."

Dereva akacheka, akajifanya anakohoa.

Mpwa hakuketi. "Mjomba, namba zako hatuzitumii tangu mvua zilizopita."

"Mnazitupa?"

"Mfumo ndio unaozitupa. Modeli inakisia, setilaiti zinarekebisha. Kipimo kikiwa mbali na vyote viwili, kinawekwa kando."

"Kwa hiyo ukipingana na baraza, unatolewa barazani."

"Ukipingana kila siku, mzee, tena upande uleule," Bwana Kioo akadakia. "Namba zako ziko chini daima. Tukizifuata, juu ya hapa pana shimo angani."

"Shimo liko kati ya masikio yako."

"Mjomba, basi. Nimeambiwa tusipopata sababu leo, mlingoti ushushwe."

Mzee alisimama kama aliyechomwa. Mlingoti ule ndio uliomlisha, ukamlea na huyo anayetaka kuuangusha. "Pimeni na mimi sasa hivi," alisema. "Nikikosa, shusheni."

Akawasha mashine. Ikanguruma, karatasi ikatoka. Akapangusa rula kwa pindo la shati, akainama hadi pua ikakaribia kugusa wino. Aliona mgongo ukipanda, kisha ukiingia katika ukungu. Ukungu huo ulianza kitambo. Amebadilisha wino, amebadilisha taa, akawatukana wauza karatasi. Akaweka rula pale ukungu ulipoanzia.

"Hapa."

Bwana Kioo alivuta pumzi, "Lakini mkia si uko..." na mzee akasikia kiatu kikikanyaga kiatu.

"Ni mlingoti, mjomba," mpwa akasema kwa sauti laini, sauti ya kumwambia mgonjwa. "Kutu imeula ndani. Unakula mwangwi wa juu. Si kosa la mtu."

Kiangazi kilichopita mzee alikuwa ameupaka mlingoti rangi mwenyewe, akiugonga kwa nyundo kila futi, na aliyemshikia ngazi ni mpwa huyu. Wote wawili walisikia ulivyolia: chuma kizima. Hapo ndipo alipoelewa, na huruma ile ikamkera kuliko matusi.

"Nimekulea nikufundishe kusema uongo? Sema mbele ya kibaraka wako: mjomba wangu haoni."

"Huoni, mjomba." Sauti haikuwa laini tena. "Nikiandika macho, mlingoti unabaki. Nitaleta mtu asome, wewe utibiwe. Nikiandika kutu, unashuka leo. Chagua."

"Mtu asome! Kwenye meza yangu!"

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, mzee," alisema Bwana Kioo.

"Wewe nani alikuita kwenye shindano?" Mzee aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. "Andika kutu."

"Mjomba..."

"Kutu! Kisha mtoke uani kwangu."

Wakalegeza kamba. Mlingoti ulipogonga ardhi ulilia kwa muda mrefu kama kengele, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenziwe.

Mara ya mwisho alipowaona walikuwa langoni kando ya pikapu, vivuli vitatu vya urefu mmoja. Kimoja kiligeuka kikainua mkono. Kama ni mpwa wake, huenda angeitika. Kama ni Bwana Kioo, heri mkono ukatike. Alikodoa macho, asitambue ni nani, na mkono wake ukabaki mfukoni, umeishika ile karatasi.