Mgonjwa wa Vidole Sita

Kati ya dirisha langu la mafaili na chumba cha mazoezi ya viungo kuna ubao mwembamba tu, kwa hiyo yanayosemwa kule nayasikia, nitake nisitake. Neno moja nimelisikia miaka kumi na tisa: nyoosha. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi wa chumba kile hospitali nzima inamwita Mama Nyoosha. Amewatembeza watu walioletwa kwa machela, na akiudhika huwafokea hata madaktari.

Mgonjwa aliyemshinda alikuwa kaka yake. Mganga hajigangi. Kaka ni fundi plasta: kulia hushika mwiko, kushoto hubeba ubao wa saruji. Kiharusi kiliulaza mkono wa kushoto na kuupeleka mdomo upande. Wiki tatu alifanya mazoezi, ya nne akagoma. Dada yake akamwonyesha video ya muuguzi akiinua mkono. Kaka akaisukuma simu.

"Huyo ana mkono. Nionyeshe mtu kama mimi."

Wagonjwa wengine hawakutaka kupigwa video, nami siwalaumu. Ndipo Mama Nyoosha akavuka barabara hadi duka la kadi za mwaliko. Mwenye duka, tunamwita Bwana Kadi, hutengeneza katuni kwa programu ya kompyuta: unaandika unachotaka, yenyewe inachora na kuchezesha.

"Miezi hii ya mwanzo ikipita bure, mkono utabaki hivyo hivyo," aliniambia akiondoka. Alikuwa anaogopa, nikaogopa naye.

Wiki mbili saa ya chakula hakula, alikuwa dukani kwenye kompyuta. Aliandika: mwanamume wa miaka hamsini, mkono wa kushoto hauna nguvu, hawezi kuuinua. Mashine ikamletea bwana mwenye kifua kama mlango, ameinua mikono yote miwili kama aliyeshinda kombe.

"Nimesema hawezi!" alifoka.

"Dada, usiitajie usichotaka," Bwana Kadi akasema. "Ukisema kuinua, inashika kuinua. Taja unachotaka kukiona: mkono umelala juu ya paja."

"Sasa nisiposema hawezi, itajuaje kwamba hawezi?"

Bwana Kadi akaendelea kumtajia masharti ya mashine. Mama Nyoosha akanunua daftari, akayaandika yote, kisha akaja kunisomea mimi, utadhani najua. Kipande kisizidi sekunde nne. Kila kipande tendo moja. Ukitaka mtu ashike kikombe na anywe, hivyo ni vipande viwili, uviunge baadaye. Usiiache mashine ikubunie sura, ipe picha ya kuanzia. Ile namba iliyo chini ya picha uinakili na kuirudia, la sivyo kila mara utaletewa mtu mwingine. Na ukibadilisha, badilisha jambo moja tu.

"Jana nimebadilisha shati," akaniambia, "akaota ndevu. Shati na ndevu wapi na wapi?"

Nikamwambia akili ni nywele, huenda za mashine ni ndevu. Hakucheka.

Vipande vibovu alivihifadhi kwenye simu, maana Bwana Kadi alisema makosa ni mwalimu. Siku ya kumi na tatu akapata kizuri. Mtu mtulivu, mkono wa kulia unaushika wa kushoto, unaupandisha taratibu hadi kifuani. Nilihesabu vidole, vilikuwa vitano. Nikampigia makofi.

Kesho yake aliingia kazini amevaa koti nje ndani.

"Vipi tena, dada?"

"Hata sijui nikwambie nini."

Kaka alikuwa amekitazama kile kizuri mara moja tu. "Huyu hajaugua hata mafua," akasema, akatelezesha kidole kwenye kioo cha simu, kikatokea kibovu. Mtu ni yule yule, ila kiwiko kinakunjika kwa nje, vidole ni sita, na kikombe kinazama shavuni. Kaka akakitazama, akakirudia, akacheka. Tangu augue hakuwahi kucheka. Na pembe ya kushoto ya mdomo, ile iliyolala, ikatikisika.

"Akaniambia, 'Huyu ndiye mgonjwa,'" Mama Nyoosha alisema. "Mimi wiki mbili nahangaika kutoa makosa, mwenzangu anataka makosa. Wewe unaelewa?"

Nikasema labda. Sikujua hata labda ya nini.

Mchana alirudi dukani kuomba aharibiwe kingine. Akaandika vidole sita, mashine ikaleta vitano. Akaandika kiwiko kimepinda, kikaja kiwiko cha mwanariadha. Bwana Kadi akashika tama. Ni kumpigia mbuzi gitaa, nilimwambia Mama Nyoosha, afadhali ule.

Jumamosi nilifuatana naye kwenda kumjulia hali kaka nyumbani. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, na ndani mtu anaongea. Mama Nyoosha akanizuia.

Kaka alikuwa kitini peke yake, simu imeegemezwa kwenye jagi la maji, kile kibovu kinajirudia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeondoka pajani. Ulikuwa juu kwa shubiri moja hivi, unatetemeka, na wa kulia haukuugusa.

"Siyo hivyo, bwana," alikuwa anamwambia mtu wa vidole sita, maneno yakimteleza mdomoni. "Utajivunja. Nitazame mimi. Nyoosha. Haya, nyoosha."

Mama Nyoosha alibaki ameshika kitasa.